Mawazo ya Mama: Kipi Kweli, Kipi Uongo?

Maneno haya umeyasikia. Umeyasikia kisimani ukingoja zamu ya bidoni yako. Umeyasikia sokoni Sandoa ukipanga mafungu ya muhogo, na umeyasikia kwa shangazi aliyekuja kukupongeza baada ya kujifungua na hakuondoka mpaka amekuachia mashauri yote aliyokuja nayo. Mama akichoka, kila mtu ana la kumwambia.

Nimekusanya yanayorudiwa sana kati ya Sandoa na Kolwezi, nikayapima kwa yale ambayo watafiti wameyaona, baadhi yao katika nchi nyingine za Afrika. Baadhi yameanguka mara moja. Mengine yamesimama imara, na bibi zetu wanastahili kusifiwa kwa kuyalinda.

"Msongo ni ugonjwa wa Wazungu. Mama wa kijijini hana nafasi ya mawazo."

Uongo.

Itazame siku yenyewe. Mama wa Sandoa anaamka kabla ya jogoo wa pili. Muhogo ulioloweshwa uko majini unamngoja, kuni hazijaletwa, mtoto mdogo amekohoa usiku kucha. Mume yuko Kolwezi anachimba. Pesa huja kwa simu wiki hii, wiki mbili zinazofuata simu haipokelewi. Mvua ikinyesha, lori lililobeba mahindi yake linakwama kwenye barabara ya Kasaji na bei aliyoahidiwa inaoza pamoja na mzigo. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali hailipishwi, lakini mkubwa yuko sekondari, na huko bado wanadai. Anayesema huyu hana mawazo hajakaa naye jikoni.

Jina la msongo ndilo geni, kitu chenyewe si kigeni. Katanga tunasema tu "ana mawazo", na anayesikia anaelewa. Washona wa Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Watafiti walipokwenda vijiji vya Rakai na Masaka nchini Uganda, hawakuanza na majina ya vitabuni. Waliwauliza wanakijiji, na wanakijiji wakawatajia hali mbili kwa Kiganda, yo'kwekyawa na okwekubazida: kujichukia, na kujisikitikia hadi nguvu ziishe. Hao ni wakulima wa migomba, si watu wa ofisini.

"Mawazo mengi yanaleta tansio."

Nusu ni kweli. Nusu iliyobaki imewapeleka wengi kaburini, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Simu ikilia na sauti ikasema shimo limeporomoka huko Kolwezi, moyo wa mama unakwenda mbio, viganja vinalowa, pumzi inakuwa fupi. Hiyo ni adrenalini, homoni inayoandaa mwili kukimbia au kupambana. Presha ya damu inapanda dakika hiyohiyo. Simu ya pili ikileta habari kwamba mume ametoka salama, presha inashuka. Kupanda na kushuka huko si ugonjwa. Ugonjwa, yaani tansio yenyewe, ni presha kukaa juu, 140 kwa 90 au zaidi, kila inapopimwa, hata siku ambayo mama amelala vizuri na watoto wamekula wakashiba.

Je, maisha ya msongo yanachangia? Kuna utafiti wa Kenya uliochapishwa 1990 ambao kila familia iliyopeleka mtu Kolwezi ingepaswa kuusikia. Watafiti waliwafuata Waluo waliotoka vijijini karibu na Ziwa Victoria kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Presha ya waliohamia mjini ilipanda, tena katika miezi ya mwanzo tu. Mapigo ya moyo wao pia yalikwenda kasi zaidi, na watafiti wakaona humo dalili kwamba msongo una mkono wake. Lakini mkojo wao ulionyesha jambo jingine: chumvi ilikuwa imeongezeka, na potasiamu, ambayo mwili huipata kwenye mboga na matunda, ilikuwa imepungua. Mji uliwabadilishia mawazo na sahani kwa pamoja.

Basi anayesema tansio ni mawazo matupu amesahau chungu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa ile iliyojificha ndani ya samaki wa chumvi na vidonge vya kuungia mchuzi. Unene, umri na ukoo navyo vina sehemu yao.

Hatari ya msemo huu iko kwenye mambo mawili. La kwanza, mama anangoja kichwa kiume ndipo aamini ana tansio. Presha kubwa mara nyingi haina dalili yoyote; kwa makadirio ya Shirika hilohilo, karibu nusu ya watu wazima walio nayo duniani hawajui kama wanayo. Kipimo cha mkononi ndicho kinachosema, na kituo cha afya kinacho. La pili, mama aliyepewa dawa anaziacha mawazo yakitulia, kwa kuwa aliambiwa chanzo kilikuwa mawazo. Usiziache bila mganga wa kituo cha afya kukupima. Na wewe mjamzito, ukiumwa kichwa sana, macho yakaona ukungu, uso na mikono ikavimba, usikubali kuambiwa "ni mawazo ya mimba". Nenda ukapimwe siku hiyohiyo.

"Mwanamke ameumbwa kufanya kazi tano kwa wakati mmoja."

Uongo, hata kama husemwa kwa kusifu.

Mwaka 2019 watafiti wa Ujerumani waliwapima wanawake 48 na wanaume 48 kwa kazi zilizowataka wafanye mambo mawili pamoja au waruke kutoka jambo moja kwenda jingine. Wote walipunguza kasi na wote walikosea zaidi, wanaume sawa na wanawake. Ubongo haufanyi kazi tano. Unaruka, na kila ukiruka unaacha kitu nyuma. Mama anayesonga bukari huku anamsahihishia mtoto hesabu na kumjibu mteja mlangoni hana kipaji cha pekee, ila amekosa msaidizi. Na mbabula iliyowaka karibu na mtoto anayejifunza kutambaa haisubiri mtu amalize kuruka. Kama kuna moto, moto upewe macho peke yake.

"Mama akiwa na hasira au huzuni, maziwa yake yanaharibika na kumdhuru mtoto."

Uongo. Usimwachishe mtoto ziwa kwa sababu umelia.

Maziwa hayachachi kifuani. Huzuni haigeuzi maziwa kuwa sumu, na mtoto anayenyonya kwa mama mwenye majonzi anapata chakula kilekile kilicho bora. Waliobuni msemo huu, hata hivyo, walikuwa wameona kitu kwa macho yao: mama aliyeshtuka, mtoto akavuta ziwa, maziwa yasitoke. Hilo hutokea kweli. Maziwa husukumwa nje na homoni iitwayo oksitosini, na hofu kali au maumivu huichelewesha. Maziwa yapo, mlango ndio umegoma kwa muda. Dawa yake ni mahali tulivu, mtoto ngozi kwa ngozi, kikombe cha maji au uji, na mtu wa kumpokea mama kazi iliyo mkononi. Anayemkaripia kwamba anamlisha mtoto sumu anamwongezea hofu ileile inayofunga mlango.

"Mzazi anayemkataa mtoto wake, analia ovyo, hataki kula, amerogwa."

Uongo. Nawaomba mashangazi wanisikilize hapa kuliko popote pengine.

Kuna huzuni nyepesi ya siku chache baada ya kujifungua, ambayo hupita yenyewe. Kuna nyingine inayokaa wiki baada ya wiki: mama hapati usingizi hata mtoto akilala, hafurahii chochote, anajiona hafai, pengine anawaza kufa. Hiyo ni sonona ya uzazi, na imehesabiwa. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, katika nchi zenye kipato kidogo karibu mama mmoja kati ya watano waliojifungua hupata tatizo la akili, na mara nyingi ni sonona. Mmoja kati ya watano! Hesabu akina mama waliojifungua mtaani kwako mwaka huu, utajua ninasema habari za nani.

Anayetafuta aliyeloga huanza kumtazama mama mkwe, kisha jirani, kisha mtoto mwenyewe. Nyumba inagawanyika wakati mgonjwa bado amelala pale pale. Maombi yana nafasi yake, na mchungaji mwema anajua kuomba huku akisema "twende na kwenye kituo cha afya". Mama akianza kusikia sauti, kuona visivyoonekana, au kusema atajidhuru au kumdhuru mtoto, hiyo ni dharura kama damu inayotoka. Asiachwe peke yake hata dakika moja, apelekwe.

"Ya nyumbani hayatoki nje."

Uongo kwa sehemu kubwa, na huu ndio msemo unaowaumiza akina mama kuliko yote niliyokusanya.

Nitaeleza kilichotokea Harare, Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda, katika nchi iliyokuwa na madaktari wa akili wachache wa kuhesabika kwa vidole, alianza kazi katika mtaa wa Mbare na bibi kumi na wanne. Hawakuwa wauguzi. Walikuwa wanawake wazima wa mtaa waliokuwa wakijitolea katika mambo ya afya. Walifundishwa kuketi kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kumsikiliza mtu mwenye kufungisisa. Hatua ya kwanza waliiita kwa Kishona kuvhura pfungwa, kufungua akili: mtu anamwaga yote. Kisha bibi hamwambii la kufanya. Anamwomba achague tatizo moja katika yote, moja tu, na watafute pamoja hatua ndogo ya kuanzia kesho.

Lilete hilo kwetu. Mama ana deni la sekondari, paa linavuja, mtoto anakohoa, mume hapokei simu. Yote manne yakiwa kichwani kwa pamoja, hakuna linaloshikika. Akichagua kikohozi cha mtoto, kesho asubuhi ana safari moja ya kituo cha afya. Akirudi, matatizo yamebaki matatu, na yeye ni mtu aliyefanya jambo.

Je, ilifanya kazi, au ni hadithi tamu tu? Matokeo yalichapishwa 2016. Watu 573 katika zahanati 24 za Harare waligawanywa. Wengine walipata benchi, wengine huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Baada ya miezi sita, walioendelea kuwa na dalili za sonona walikuwa karibu 14 kwa mia upande wa benchi, na karibu 50 kwa mia upande wa pili. Bibi na benchi!

Haikuwa Zimbabwe peke yake. Katika vile vijiji vya Uganda, watu wenye sonona walikutana kwa vikundi kila wiki, wakiongozwa na watu wa hukohuko waliofundishwa kwa muda mfupi. Matokeo yalitoka 2003: kabla ya mikutano 86 kati ya kila mia walikuwa na sonona, baadaye wakabaki 6 au 7. Katika vijiji vilivyosubiri, zaidi ya nusu walibaki nayo. Na pembezoni mwa Nairobi wanawake 421 waliopitia ukatili walishiriki utafiti mwingine, uliochapishwa 2017. Nusu yao walipata vikao vitano na wahudumu wa afya wa jamii, na msongo wao ukapungua kuliko wa wenzao.

Sasa haki ya msemo wenyewe. Aliyesema ya nyumbani hayatoki nje aliwahi kuona siri yake ikiuzwa sokoni, na hofu hiyo ina msingi. Bibi wa Harare nao wanafundishwa kutunza siri. Kwa hiyo pima sikio kabla ya kulijaza. Mtu anayekuletea habari za wengine atazipeleka zako. Lakini kukosa sikio moja la kuaminika si sababu ya kufunga mdomo maisha yote. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua.

Na mama wa jimbo letu la Lualaba haanzi na mikono mitupu. Ana likelemba, ambapo kila mwezi wanachangishana na mmoja anabeba chungu chote. Kama ni Mmethodisti ana Kipendano, umoja wa akina mama wa kanisa lake. Harare waliotoka kwenye benchi waliunganishwa na vikundi ambavyo huketi pamoja wakishona mifuko huku wakizungumza, ili mazungumzo yawe na kipato pembeni. Sisi kikundi chenye kipato tunacho tayari. Kinachokosekana ni nusu saa baada ya kuhesabu pesa, mlango ukiwa umefungwa, ambapo mtu anaweza kusema "mimi mwezi huu nimezidiwa" bila mwenzake kuanza kumhubiria.

"Kikombe cha lutuku, au kidonge cha usingizi, kinatuliza mawazo."

Uongo wenye mwanzo mtamu.

Simdharau mama anayepika lutuku. Wengi wamesomesha watoto kwa pipa hilo. Ninasema habari za kuinywa usiku ili kulala. Pombe humlaza mtu haraka, kisha huuvunja usingizi wa nusu ya pili ya usiku. Mama anaamka saa tisa, moyo unadunda, mawazo yakiwa yamekaa kitandani yanamngoja. Kesho anahitaji kikombe na robo. Zaidi ya hapo, lutuku haina kipimo: pipa la leo na la juzi hayalingani ukali.

Vidonge vya usingizi vinavyouzwa kimoja kimoja kwenye meza ya sokoni, aina ya diazepamu, ni dawa halali ikiwa mikononi mwa mganga, kwa siku chache. Ukivimeza wiki nyingi mfululizo mwili unavizoea, na ukiacha ghafla usingizi unakimbia kuliko mwanzo, wakati mwingine na kifafa juu yake. Ukichanganya na pombe, pumzi inaweza kusimama. Kama tayari umevizoea, usiache kwa siku moja. Mwone mganga akupunguzie polepole.

Kinachotuliza bila deni ni pumzi. Vuta hewa kwa pua, ongeza kidogo juu yake, kisha itoe kwa mdomo taratibu mpaka iishe. Watu 108 walipimwa Marekani katika utafiti uliochapishwa 2023, dakika tano kila siku kwa mwezi mmoja, na waliopumua hivyo ndio waliozidi kuchangamka kuliko wengine. Unaweza kufanya hivyo ukiwa umekaa juu ya bidoni ukingoja maji yajae.

"Mama wa Kolwezi anaogopa kila kitu. Ni mawazo yake tu."

Uongo.

Mwaka 2014 kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, na watu wakaanza kuchimba uani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, wakapima vumbi la nyumba, mkojo na damu za wakazi 72, wakiwemo watoto 32. Matokeo yalitoka 2018: kobalti ilikuwa nyingi mwilini mwao kuliko kwa watu wa mtaa wa jirani usiochimbwa, na watoto ndio waliozidi. Mama aliyekuwa akisema "vumbi hili linaniogopesha" alikuwa sahihi kabla mashine hazijafika.

Hofu yenye sababu haitulizwi kwa kuambiwa "usiwaze". Inatulizwa kwa kupewa kazi. Nguo za mchimbaji zivuliwe nje na zifuliwe peke yake. Nyumba imwagiwe maji kidogo kabla ya kufagiwa, ili vumbi lisipae. Mikono ya watoto ioshwe kabla ya kula, na unga wa muhogo usianikwe karibu na mawe ya madini. Shimo la jirani hutaliziba wewe. Hilo ni la serikali na la wenye makampuni, na hasira yako juu yake ni haki. Lakini mikono ya mtoto unaiweza leo jioni.

"Ukitwanga huku unaimba, kinu kinakuwa chepesi."

Kweli! Bibi zetu walijua.

Kinu hakibadiliki uzito, anayebadilika ni mtwangaji. Watafiti wa Oxford waliwapima vijana wanaopiga makasia: waliofanya mazoezi pamoja kwa mdundo mmoja walivumilia maumivu zaidi kuliko walipofanya mazoezi yaleyale kila mmoja peke yake. Kwenda pamoja kwa mapigo huuamsha mwili kutoa dawa zake wenyewe za maumivu. Mtwango wa wanawake wawili kwenye kinu kimoja, mmoja akishusha mchi mwingine akipandisha, ni mpango huohuo.

Na sauti? Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya London ya akina mama 134 wenye dalili za sonona ya uzazi. Kati ya walioingia vikundi vya kuimba na watoto wao kwa wiki kumi, wale wenye dalili nzito zaidi walipata nafuu haraka kuliko waliobaki na huduma ya kawaida. Baadaye wazo likapelekwa Gambia, kwa wajawazito, likiongozwa na wanawake wa Kanyeleng, vikundi vya jadi vinavyoimba kwa ajili ya uzazi. Kwa hiyo ukiambiwa kwaya ya Alhamisi ni kupoteza muda wa jikoni, una jibu.

"Mawazo yanaleta mvi."

Kuna ukweli. Umri na ukoo ndio wenye kauli kubwa, lakini 2020 watafiti wa Harvard walionyesha kwa panya kwamba msongo mkali humaliza seli zinazotoa rangi ya nywele. Mwaka uliofuata watafiti wa New York walipima nywele za watu mmoja mmoja, wakakuta baadhi ya nywele zilizokuwa zimeanza kuwa nyeupe zilirudisha rangi mwenye nywele alipopumzika. Chache, si kichwa kizima.

"Mama mzuri hulea mwenyewe. Anayeomba msaada ameshindwa."

Uongo, tena uongo mpya. Wazee wetu hawakuujua.

Katika msitu wa Ituri, huko kaskazini-mashariki mwa nchi yetu, watafiti walikaa na Waefe miaka ya 1980 wakihesabu nani anambeba mtoto. Mtoto wa wiki tatu alikuwa mikononi mwa watu wengine karibu asilimia 39 ya muda. Alipofika wiki 18, asilimia 60. Kwa wastani kila mtoto alikuwa na walezi 14: bibi, dada, shangazi, majirani, wengine wakimnyonyesha. Mama wa Kiefe hakuwa mvivu. Alikuwa akitafuta chakula msituni, na mtoto hakuwa mzigo wa mgongo mmoja.

Karibu zaidi, katika dola ya Walunda iliyokuwa na makao yake Musumba, umama ulikuwa na cheo. Lukonkeshia, mama wa ishara wa mfalme, Mwant Yav, alikuwa na baraza lake mwenyewe, watu wake wa kumtumikia, na vijiji vya kumletea kodi. Mama mkuu wa nchi hakutarajiwa kubeba kila kitu kwa mikono yake miwili. Ninawaza jambo hili kila nikiona binti wa kileo amejifungia nyumba ya kupanga Kolwezi na watoto watatu, mama yake yuko Sandoa, dada zake wametawanyika, na bado anajilaumu kwamba hana bidii. Anafanya peke yake kazi ambayo Ituri iligawiwa watu 14.

Msaada huo unaanzia nyumbani. Ripoti ya 2023 ya UNICEF na Shirika la Afya Duniani inasema katika nyumba saba kati ya kumi zisizo na maji uani, wanawake na wasichana ndio wenye kuyachota. Bidoni haina jinsia. Baba aliyeko nyumbani Jumamosi, na mvulana wa miaka 14, wana mikono. Ukiwaomba, sema kazi yenyewe na saa yake: "leta bidoni mbili kabla ya saa kumi". Ukisema tu "nimechoka, nisaidieni", kila mtu atamwangalia mwenzake.

"Usishike tama, utaleta msiba."

Uongo. Shavu likiegemea kiganja halimwiti kifo, na mtoto aliyekaripiwa kwamba anamtakia mama yake kufa hakufanya kosa lolote.

Hata hivyo, wazee waliotunga katazo hili walikuwa wakitazama vizuri. Walijua mtu aliyeshika tama kwa muda mrefu yuko mbali, na jambo fulani linamla ndani. Wale bibi wa Harare wana karatasi ya maswali 14, ndiyo au hapana, wanayompa mtu kabla hajaketi kwenye benchi. Moja ya maswali hayo huuliza kama katika wiki iliyopita kulikuwa na nyakati za kuwaza sana, au kuwaza mambo mengi. Ukimwona mwenzako kisimani ameshika tama na bidoni yake imejaa mpaka inamwagika, usimwambie aondoe mkono. Funga maji, ukae kando yake, umuulize hilo.